Kuni Ndefu za Kwenye Kona

Ninyi wa yadi ya kuni, mliobaki na mashine na baridi, salamu.

Mliponiaga kwa keki na ile kadi yenye sahihi zenu, mmoja wenu aliniuliza tena swali ambalo kila mfanyakazi mpya huniuliza wiki yake ya kwanza: ule mrundo mdogo kwenye kona ya nyuma, chini ya bati, ni wa nini? Kuni zake zina urefu wa mita moja na ushee, haziingii kwenye jiko lolote la mji huu, haziuzwi, na kila mwaka kabla ya theluji nilikuwa natoa zilizooza na kuweka nyingine. Miaka yote nimejibu, "Ziacheni," nikaendelea na kazi. Hilo halikuwa jibu. Niliogopa kwamba nikianza kueleza nitalia mbele ya watu wanaosubiri niwape maagizo.

Sasa sina wa kumpa maagizo. Nimekaa mezani kwangu Richfield, chai imeshapoa, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu Wakenya, Wakongo na Watanzania mmejaa pale siku hizi, na kwa sababu habari hii sijawahi kuiweza kwa Kiingereza. Mambo ya mshahara na vyeo nayaruka. Cheo changu cha mwisho mnakijua, kilikuwa kubeba ufunguo wa geti.

Nilifika Minnesota mwanzoni mwa miaka ya tisini kusomea misitu, upande wa Saint Paul. Natoka Njombe, na siku ya kuniaga jirani zetu walisema huyu baridi haitamsumbua, kwetu asubuhi umande huganda kwenye majani. Na mimi nikajiona bingwa. Januari ya kwanza ilinitia adabu. Mwaka wa pili ule mradi wa nyumbani ulionileta ukafungwa, masomo yakakatika, na mwanasheria mmoja akaniambia makaratasi yangu yanaweza kutengenezeka kwa sharti moja: nisitoke nje ya nchi mpaka yakamilike, maana nikitoka sirudi. Alisema ni suala la muda kidogo tu. Muda kidogo huo ulikuwa miaka sita.

Kibali cha kufanya kazi nilipewa. Tangazo la kazi nililikuta kwenye ubao wa kanisani, limeandikwa kwa mkono: anatakiwa mtu wa kuni, asiyependa maneno mengi. Nikaona hapa nimeitwa kwa jina.

Yadi ilikuwa palepale ilipo leo, pembezoni mwa Bloomington, ndege zikipita juu kila dakika chache kwenda kutua. Mwenyewe alikuwa Arvid, mzee wa miaka sitini na kitu, mrefu, mikono kama sepetu, mtu ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi. Siku ya kwanza ilikuwa Septemba. Alinionyesha lundo la magogo, akanikabidhi msumeno wa chenso, akasema, "Kata kuni," kisha akaingia kwenye gari kupeleka mzigo kwa mteja.

Basi nikakata kuni. Nikakata kama mtu aliyelelewa na moto wa mafiga: ndefu, mita moja na ushee, zile ambazo mpishi anazisukuma ndani kidogo kidogo kadiri zinavyoungua kwa mbele. Kwa mama yangu, ukuni mfupi ulikuwa ukuni ulioharibiwa. Arvid aliporudi mchana nilikuwa nimeshapanga ukuta mzima wa kuni zilizonyooka, nami nimesimama pembeni nasubiri kusifiwa.

Aliuzunguka ukuta ule mara mbili. Akachomoa ukuni mmoja, akauinua usawa wa macho.

"Jiko la kwenu lina mlango wa ukubwa gani?" akauliza.

"Halina mlango."

Akafikiri. "Sasa kuni zinakaaje?"

Nikamchorea kwa kidole kwenye unga wa mbao: mawe matatu, kuni tatu, chungu juu. Nikamwonyesha kwa mkono jinsi mtu anavyosukuma. Aliutazama mchoro muda mrefu, mrefu kuliko ulivyostahili, kisha akaenda ofisini akarudi na fimbo iliyokatwa vizuri, inchi kumi na sita kamili.

"Majiko ya hapa yana milango midogo," alisema, akanipa fimbo.

Hakuliongelea tena. Tulitumia siku mbili kuzikata zote upya. Fimbo hiyo ndiyo ile iliyotundikwa kwenye msumari ofisini, ambayo baadhi yenu mmekuwa mkikorogea rangi. Nilikuwa nawaona.

Ninyi mmezoea mashine: unaweka gogo, unavuta mpini, limepasuka. Wakati ule tulichanja kwa mkono. Shoka la kwetu Njombe ni jepesi, la kukatia. La Arvid lilikuwa zito, kisogo chake ni nyundo kabisa, na wiki ya kwanza nililipiga kwa nguvu zangu zote hadi jioni siwezi kuinua kijiko. Alinitazama siku nne. Siku ya tano akasema, "Liinue. Likishakuwa juu kazi yako imekwisha, litashuka lenyewe." Hilo ndilo somo lake refu kuliko yote niliyopata kutoka kwake.

Mengine nilijifunza kwa kumwangalia. Unasoma kwanza uso wa gogo; nyufa ndogo zinakuonyesha litakubali wapi. Penye kifundo, ligeuze. Mwaloni ukiwa mbichi ni mkaidi, lakini ukigandishwa na baridi ya Januari unapasuka kwa kugusa tu. Elmu ndio mti niliouchukia. Miti hiyo ilikuwa inakufa kwa ugonjwa mjini kote, tunaletewa bure kwa malori, na nyuzi zake zimesokotana ndani kiasi kwamba kabari inazama yote na gogo bado limekumbatiana. Kuna elmu moja kutoka Saint Paul ilinimezea kabari tatu. Nilikaa chini nikaitukana kwa Kibena. Arvid akaja, akasimama, akasema hiyo lugha inaonekana inafaa, niendelee.

Kuhusu kupanga, mnajua, ila nawakumbusha kwa sababu mkiachwa mnapanga ovyo. Chini weka mbao, kuni zisiguse udongo. Kwenye ncha za mrundo pishanisha, mbili hivi na mbili hivi, zisimame zenyewe. Funika juu tu, pembeni acha upepo upite. Na gonganisha kuni mbili kabla ya kupakia: kavu inalia ko, mbichi inalia du. Kuni anazowasha mteja msimu huu ulizichanja mwaka jana. Kazi yetu ni kuhangaikia baridi ambayo bado haijafika, na mtu anaweza kuifanya hivyo miaka mingi asiangalie baridi iliyo kwake mwenyewe.

Maana nilikuwa mpweke, naomba nilitaje jambo hilo kwa jina lake. Niliishi Richfield, ghorofa ya tatu, na Otieno, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee huko Saint Paul. Yeye akiingia mimi natoka. Tukikutana jikoni ananisema.

"Mligo, umekuja Amerika ku-split kuni kweli? Hiyo kazi nyanya yangu alikuwa anafanya bure, bana. Kuja kwa nursing home, ni warm, una-train two weeks tu."

"Sitaki kazi ya ndani."

"Si ati hutaki ya ndani. Wewe hutaki kuongea na watu."

Hapo alinipata. Yadini niliweza kutoka asubuhi hadi jioni bila kutamka neno moja la lugha yangu, isipokuwa ya kuitukania elmu. Kule kupeleka mizigo ndiko kulikoniumiza zaidi. Unafika kwenye nyumba, unapanga kuni saa mbili nzima chini ya dirisha, ndani unaona taa na kichwa cha mtu, na hakuna anayetoka hata kusema pole na kazi. Kwetu mtu akikuchanjia kuni unampa hata maji. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Baadaye nikaelewa kwamba hata wao kwa wao ndivyo walivyo, na hapo nikaogopa zaidi.

Habari za nyumbani zilikuja kwa barua za dada yangu Eliza. Mama alikuwa anaumwa kifua, mara nafuu, mara kalala. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Sasa kwenu sijui ikoje, lakini kwetu msiba ukitokea wanaume wana kazi mbili, kaburi na kuni. Moto unawashwa uani, watu wanakaa wanauzunguka siku zote za matanga, na ule moto ndio unaosema nyumba hii haijaachwa peke yake. Na katika ukoo wetu mwenye msiba ndiye anayepiga shoka la kwanza, kisha wengine wanampokea. Katika barua moja Eliza aliandika: "Mama anasema yeye hajambo, ila anauliza, siku yake ikifika shoka la kwanza atapiga nani? Anasema mjomba ameshazeeka, asije akajikata mguu bure."

Nilicheka niliposoma. Kisha nikakaa na barua ile mkononi, ndege zinapita juu ya jengo, madirisha yanatetemeka. Kila ndege ingeweza kunifikisha. Nilimwandikia mama kwamba nitakuja, angoje. Ni ahadi niliyoitoa bila kuwa na uwezo nayo, na nilijua wakati naiandika.

Majira ya baridi ya tatu, mke wa Arvid alifariki. Aliitwa Doris. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, mama mfupi aliyeleta biskuti yadini kwenye kopo la bati la Krismasi hata mwezi wa sita. Mazishi yalikuwa Jumanne mchana. Ibada, wimbo, halafu watu wote tukashuka chini ya kanisa kunywa kahawa na sandwichi. Nikawa najiandaa kwa kukaa. Dakika arobaini baadaye kina mama walikuwa wanakunja meza. Watu wanampa Arvid mkono, wanavaa makoti, wanawasha magari. Binti yake, aliyekuja kutoka California, alikuwa na ndege jioni ileile. Nilisimama kwenye maegesho nikamwona mzee anaingia kwenye gari lake peke yake kwenda kwenye nyumba yake peke yake. Nilikuwa nikiuliza moyoni, matanga yako wapi? Nani analala pale leo?

Asubuhi yake sikwenda yadini kufanya kazi. Nilikwenda kupakia magogo ya mwaloni mkavu kwenye pikapu, nikatupia shoka, nikaendesha hadi nyumbani kwa Arvid, nikashusha uani kwenye theluji. Akafungua mlango akiwa na fulana ya ndani.

"Sikuagiza kuni," alisema.

"Najua."

"Mligo. Nina yadi nzima ya kuni."

Ni kweli, nilikuwa nimempelekea kuni muuza kuni, tena kuni zake mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Wakati ule ndipo nilipouona ujinga wangu wote, nikasikia masikio yanawaka moto kwenye baridi ile. Lakini nilishafika. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu: kwetu mtu akifiwa haachwi, wanaume wanakuja na mashoka, tunachanja, tunawasha, tunakaa.

"Siku ngapi?"

"Tatu."

"Halafu?"

"Halafu tunakwenda nyumbani. Mwenye msiba ndiye anayepiga la kwanza."

Alifunga mlango. Nilidhani ndiyo basi. Nikawa nakusanya shoka langu, mlango ukafunguka tena, akatoka amevaa koti na buti. Alichukua shoka mkononi mwangu, akapiga mara moja, gogo likafunguka mbili. Akanirudishia, akaingia ndani. Siku nzima hakutoka. Siku ya pili alileta kahawa, akasimama nami kwenye moto mpaka ikaisha. Siku ya tatu alileta kiti cha kukunja, akakaa mbele ya moto ule kwenye theluji, na akazungumza. Alinisimulia jinsi Doris alivyokuwa akipika na chumvi nyingi na jinsi ambavyo hakuwahi kumwambia. Alizungumza zaidi siku ile kuliko miaka yote niliyomjua, kabla na baada.

Wakati nazima moto aliniuliza, "Una mama?"

"Yupo."

"Shoka lake la kwanza ni lako?"

"Ni langu," nikasema.

Mama alifariki Oktoba ya mwaka uliofuata, wakati yadi imechangamka na simu hazikomi. Otieno ndiye aliyepokea simu ya Eliza nyumbani, akapiga ofisini. Arvid alitoka mlangoni akaniita kwa mkono.

"Mligo, keti kwanza," Otieno alisema kwenye simu. "Umekaa? Sista yako amepiga. Ni Mum. Pole sana, ndugu yangu. Amesema wanazika kesho."

Kesho. Hata kama ningekuwa na makaratasi yote ya dunia nisingefika. Nilimwomba Arvid simu, nikampigia Eliza kwa mchungaji, na kitu cha kwanza nilichomuuliza dada yangu aliyefiwa na mama ni kuhusu kuni.

"Zipo, kaka," alisema. "Majirani wamekuja wengi. Usijali za kuni."

"Nani alianza?"

"Mjomba. Alisema anashika tu badala yako."

Niliweka simu chini. Arvid alikuwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Nikamwambia, akatikisa kichwa, akasema niende nyumbani. Sikutaka kwenda nyumbani. Nyumbani hapakuwa na nyumbani.

Jioni ile watu wetu walikuja Richfield, siwezi kuwasingizia. Walijaa sebuleni, Watanzania na Wakenya, wakaleta chapati na chai ya maziwa, wakaomba, wakaimba pambio kwa sauti ya chini kwa sababu ya jirani. Halafu mmoja mmoja wakaanza kutazama saa. Huyu ana zamu hospitalini, yule anaingia saa kumi na moja alfajiri hotelini, na Otieno mwenyewe alikuwa hajapata wa kumshikia zamu. "Pole, Mligo, tuko pamoja." Walikuwa wanasema kweli, na wakaondoka. Hii nchi imetufundisha kulia kwa zamu.

Asubuhi nilikuwa peke yangu kwenye kochi, na mikono yangu haina kazi. Nilihesabu saa: kule Njombe walikuwa wameshamzika. Moto unawaka uani na watu wameuzunguka, nami sina hata mshumaa. Nadhani katika maisha yangu yote sijawahi kuwa mbali na watu kama nilivyokuwa kwenye kochi lile.

Ndipo nikasikia sauti. Du. Kimya. Du. Ko.

Sauti ile ningeijua hata nikiwa usingizini. Nilikwenda dirishani. Chini kwenye maegesho, katikati ya magari, pikapu ya yadi imefunguliwa nyuma, na Arvid anachanja kuni. Watu wawili wamesimama kwenye ngazi wanamtazama kama kichaa. Nilishuka bila viatu, na soksi tu.

"Najua ulitakiwa uanze wewe," alisema bila kuniangalia. "Nilifika, nikagundua sijui mlango wako ni upi. Nikaona nikipiga shoka utalisikia."

Miaka minne tulikuwa tumefanya kazi bega kwa bega, na hakuujua mlango wangu. Wala sikuwahi kumwonyesha.

Alinyoosha mpini kwangu. Ndipo nilipoziangalia kuni zenyewe. Zilikuwa ndefu, mita moja na ushee, zimenyooka, hakuna hata moja iliyopimwa kwa fimbo.

"Umezikata ndefu," nikasema.

"Kama zile za siku yako ya kwanza." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Za hapa mama yako asingezitambua."

Nilipiga la kwanza. Sikumbuki la pili. Nakumbuka kwamba nililia kwa sauti, kwenye maegesho ya magari ya Richfield, soksi zimelowa, na mzee yule akasimama karibu yangu akitazama gogo, hakunigusa na hakwenda popote.

Msimamizi wa jengo alikuja na karatasi zake, akasema ni marufuku kuwasha moto, ni marufuku kuchanja kuni, na gari lile halina kibali. Arvid akamjibu kwamba hatuwashi, tunapanga tu. Wakabishana kwa upole, kama wanavyobishana watu wa hapa, mpaka tukapewa siku tatu. Otieno alirudi kutoka zamu akiwa bado na sare yake ya kazi. Akasimama.

"Huyu mzee anafanya nini kwa parking?"

"Anachanja kuni za msiba."

"Na tuta-burn wapi? Tuko third floor."

"Hatuchomi hapa."

Alitazama kuni, akamtazama Arvid, akavua koti akalitundika kwenye kioo cha gari. "Hata kwetu kwa matanga tunawasha," alisema. "Nipee hiyo shoka." Alichanja vibaya sana, vipande vikaruka chini ya magari ya watu, na sijawahi kuona uchanjaji mzuri kama ule.

"Wewe ulichanja siku tatu," Arvid aliniambia alipokuwa anaondoka. "Mgongo wangu unaweza moja. Mbili zilizobaki nitakaa tu." Na alikuja akakaa, kesho yake na keshokutwa, kwenye kile kiti cha kukunja, kando ya kuni zisizowashwa, watu wakipita na mifuko yao ya dukani. Siku ya tatu mchana tukazipakia, tukaenda kuziwasha yadini, zikaisha zote.

Makaratasi yalikuja kutoka baadaye. Nilikwenda, nikakaa kaburini, nikarudi. Nilioa, tukaachana, na binti yetu yuko Texas. Anaelewa Kiswahili changu chote, ananijibu kwa Kiingereza. Hayo nayaruka kama nilivyoruka mishahara.

Arvid alifariki mwishoni mwa ile miaka ya tisini, mwezi wa Novemba. Kanisa, kahawa, dakika arobaini. Safari hii nilijua. Nilishatayarisha mzigo, mwaloni wa miaka miwili, nimeukata mrefu kwa mikono yangu bila mashine. Nikaupeleka asubuhi yake. Uani pamewekwa kibao cha kuuza nyumba, na kwenye kitasa cha mlango pamefungwa kile kikasha cha kufuli ambamo madalali hufungia ufunguo. Binti yake alikuwa amefikia hotelini Bloomington, na alikwishaondoka. Nilizunguka nyumba yote. Nikagonga, ingawa najua kusoma. Hapakuwa na mwenye msiba wa kumpa shoka, hapakuwa na wa kuniuliza kwa nini nimeleta kuni ambazo hakuagiza. Nilisimama pale na mzigo mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikageuza gari.

Zile kuni ndizo za kwenye kona. Ni kuni za msiba wa Arvid, hazikupata mlango. Sikuweza kuziuza, na sikuweza kuziwasha peke yangu, kwa sababu ule moto si wa mtu mmoja. Kila Oktoba nilitoa zilizooza nikaweka nyingine, za urefu uleule. Basi hilo ndilo jibu.

Kilichobaki ni ombi. Msiziuze, na mwendelee kuzibadilisha. Akifiwa mmoja wenu, mwenzenu aliye mbali na kwao, chukueni humo mpeleke, hata kama anakaa ghorofa ya kumi, na shoka la kwanza mwachieni yeye. Na pale ofisini, kwenye msumari ule, chini ya fimbo ya Arvid, nimetundika ufunguo. Sio wa geti. Ni wa mlango wangu wa sasa, nyumba ya tatu kutoka kwenye kona, mnayoipita kila mkiteremsha mizigo Richfield. Binti yangu yuko mbali, atafikia hotelini, simlaumu. Siku yangu ikifika msije mkazunguka nyumba na kurudi na mzigo.

Na mkitaka kuhakikisha mapema kama ufunguo unafungua, njooni mjaribu. Jumapili zote nipo.